Mtani wa Mvaa Pete

Habari za kifo cha Desderia Kikoti zilinikuta nikichambua mchicha, nami sikuacha kuchambua. Binti yangu Evodia alisimama kwenye mlango wa jiko, macho yamemvimba, akaniambia kwamba Desderia alilala jana usiku akiwa mzima na leo hakuamka. Nilikuwa nimeshajiuliza kwa nini dirisha langu halikugongwa asubuhi hiyo. Nilidhani amechelewa.

Nikatazama bangili mkononi, ile inayopima damu yangu. Taa yake ilikuwa ya kijani, kama siku zote.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Niletee bakuli."

Evodia akaniletea bakuli, kisha akakaa juu ya ndoo akalia. Mimi nikaosha mchicha. Nilijua kwamba mtu aliyefiwa na mtani wake hapaswi kuosha mchicha, na kujua huko hakukunisaidia kitu.

"Usinishangae, mwanangu," nikasema. "Ni pete."

Mtaa wetu mzima wa Kihesa ulijua habari za pete yangu. Niliwekewa baada ya kiharusi kidogo kilichoondoka na nusu ya nguvu za mkono wangu wa kushoto. Ni kitu chembamba kuliko uzi wa kushonea magunia, kimeuzunguka mshipa mkubwa wa shingoni pale ambapo mwili wenyewe hupimia msukumo wa damu. Msukumo ukipanda, pete hunong'oneza neva, ubongo ukadhani mambo yameharibika kuliko yalivyo, ukaamuru mishipa ilegee na moyo upunguze mbio. Haiponyi. Siku ya kwanza daktari alinieleza wazi kwamba presha kama yangu haina kupona, ina kuishi nayo tu, na mimi nikamwambia niliwahi kuishi na mama mkwe.

Tatizo ni kwamba mwili hauna mlango mmoja wa maradhi na mwingine wa hasira. Kicheko hupandisha damu, na kilio, na hofu, na kuona timu yako ikifunga bao. Pete haichagui, inashusha vyote. Ndiyo maana wavaa pete wanapendwa sana kwenye kaunta za ofisi na hawaalikwi mara mbili kwenye ngoma. Ukienda dukani, mizani inaisoma bangili yako na kukataa kukupimia chumvi, na wewe hata hukasiriki. Unachukua limau, unalipa, unarudi nyumbani.

Mimi ni Mngoni. Desderia alikuwa Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kumalizia kwa matusi, na wajukuu tumeirithi kazi hiyo kwa moyo mmoja. Mtani anaweza kuingia kwako bila hodi, akafunua sufuria, akakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe huna pa kumshitaki. Baada ya kiharusi nililala kitandani miezi, vidonge vimepangwa dirishani navimeza nikikumbuka. Ndipo Desderia alipoanza kuligonga dirisha lile kila alfajiri.

"Mtumwa! Damu yako imeganda kama uji wa jana. Toka nje uikoroge!"

Nilitoka ili anyamaze. Tukapanda kilima cha nyuma ya nyumba, siku ya kwanza hatukufika hata kwenye mkaratusi wa kwanza. Yeye hakuwa na presha wala pete, alikuwa na mdomo tu. Njia nzima alinieleza jinsi mababu zangu walivyokimbia vitani, na mimi nilipanda ili nipate pumzi ya kumjibu kwamba waliokimbia ni wa kwake. Akaingia jikoni kwangu akamwaga dagaa wa chumvi niliokuwa nimewaficha kwenye kopo la majani ya chai. Akanifundisha kupika maharage kwa tangawizi na ndimu. Jioni alikuja kuhesabu vidonge vyangu na kuninyang'anya simu nilale.

Bangili nayo ina sikio. Watengenezaji wake, wako mbali huko, waliifundisha kumtambua mgonjwa anayenyanyaswa nyumbani. Ilipomsikia Desderia akisema "mtumwa" na "leo nitakuzika bila sanda" ikapeleka taarifa yenyewe, na kijana mmoja wa ustawi wa jamii, mpole, amevaa tai, akatukuta kwenye ngazi tukila papai.

"Shikamooni. Mama, unashikiliwa hapa kwa nguvu?"

"Ndiyo," Desderia akajibu kabla yangu. "Babu yangu alimteka babu yake. Bado hatujamwachia."

Ilibidi mtendaji wa kata aitwe kueleza utani ni nini. Tangu hapo sikio la bangili hufungwa saa za matembezi. Desderia alicheka habari hiyo mwaka mzima. Mimi nilitabasamu, kadiri pete ilivyoniruhusu, au ndivyo nilivyoamini.

Siku moja tulipofika juu ya kilima alikaa juu ya jiwe akaniambia, "Nikitangulia mimi, usije ukanizika kama unafungua kikao. Uingie kaburini uwazuie. Uwachekeshe mpaka waone haya. Ukishindwa, nitarudi nikugongee dirisha."

Nikamwahidi. Ni rahisi kumwahidi mtu ambaye unajua utakufa kabla yake.

*

Mchana ule nilikwenda na Evodia kliniki ya mishipa. Daktari wangu, Yuster Mgaya, ana umri wa Evodia na huongea polepole, jambo ninalolipenda kwa daktari.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Nimesikia."

"Marahaba. Daktari, nimekuja unilegezee pete. Kesho tu. Nina kazi ya utani kaburini na siwezi kuifanya nikiwa mkavu hivi. Tangu asubuhi sijatoa hata chozi moja."

Aliitazama skrini yake, halafu akaizima.

"Ungependa binti yako asubiri nje?"

"Abaki. Atasikia tu, hata akiwa nje."

"Basi nitasema." Alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Siwezi kuilegeza pete yako, mama, kwa sababu imelala. Tuliilaza mvua za mwaka jana."

Evodia aliuliza imelala vipi. Daktari akaeleza, kwa sauti ile ile ya polepole. Mgonjwa anayetembea, anayemeza dawa zake, aliyeacha chumvi, anayelala vizuri, hufika mahali pete inakuwa haina kazi. Zamani walikuwa wakimwambia. Wakagundua kwamba mtu akiambiwa leo, kesho presha inapanda kwa woga tu, na pete inaamshwa tena bure. Kwa hiyo kanuni ikabadilishwa. Sasa pete hulazwa kimya kimya, daktari huendelea kutazama vipimo, na mgonjwa huambiwa baada ya miaka miwili.

"Kanuni inawaruhusu kunidanganya," nikasema.

"Kunyamaza, mama."

"Kunyamaza na kudanganya ni watoto wa tumbo moja."

Hakubisha. Hilo nalo nililipenda, ingawa sikutaka kumpenda saa ile.

"Kwa hiyo mwaka mzima huu?"

"Mwaka mzima huu ni miguu yako, vidonge vyako, na chakula chako. Hakuna kingine."

Nilijua kuna kingine, na kwamba kesho kinazikwa. Nikauliza lile nililoogopa kuliuliza.

"Na huu ukavu?"

Daktari Yuster alivua miwani. "Huo si wa pete, mama. Huo ni wako. Wengi huganda hivyo siku ya kwanza, hata wasiojua pete ni nini."

Kwa mwaka mzima, kila nilipoona nimepoa, kila Evodia aliponikasirikia kwamba sijali, niliilaumu pete, na pete ilikuwa imelala. Nikahisi kitu kinapanda, nisichokijua vizuri. Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia yule daktari mpole mpaka masikio yakavuma, na taa ya bangili ikageuka njano.

Yeye akaiona kabla yangu. "Sasa nisikilize. Ndani ya kichwa chako kuna mshipa uliochoka, pale kiharusi kilipopita. Siku za kawaida unaumudu. Msiba si siku ya kawaida. Ushauri wangu ni kwamba niiamshe pete sasa hivi kwa kijiti hiki, ikubebe mpaka matanga yaishe."

"Ukiiamsha, nitaweza kutania?"

"Utaweza kusema maneno."

"Maneno hata redio inasema."

"Mama!" Evodia alisimama. "Acha daktari aiamshe. Baba nilimzika, sikusema kitu. Sitaki makaburi mawili wiki moja. Mama Desderia ameshakufa, hatajua ulimtania au hukumtania."

"Mume wake atajua. Watoto wake watajua. Mtu akizikwa bila mtani wake amezikwa kama mpita njia."

"Na mimi? Nikizika mama kwa sababu ya utani, nitawaambia watu nini?"

Alikuwa na haki, kila neno. Nilimtazama daktari, naye alinitazama, na nikaelewa kwamba kanuni zake zote hazikumwambia amsikilize nani kati yetu. Angeweza kuiamsha bila kuniuliza. Mara moja alikuwa ameshanifanyia kitu bila kuniuliza.

"Njoo mazishini," nikamwambia. "Njoo na hicho kijiti chako cha kuamshia. Taa ikiwa njano, niache. Ikiwa nyekundu, fanya unavyojua."

"Ikifika nyekundu huenda nikachelewa."

"Basi utanikuta nimeshaingia kaburini. Mtaokoa gharama ya jeneza."

Hakucheka. Yeye si mtani wangu. Lakini aliandika saa ya mazishi kwenye kiganja chake, na Evodia akatoka nje bila kuniaga.

*

Asubuhi nilimeza vidonge vyangu, nikanywa uji bila chumvi, nikavaa kaniki. Evodia alikuja kunifunga kilemba kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi fundo. Alikifunga vizuri sana, akatangulia nje.

Familia ya Kikoti walizika shambani kwao, mteremko unaotazama mabonde. Mume wa Desderia, Mzee Kikoti, alisimama kichwani pa kaburi, kofia mkononi. Huyu ni mtu ambaye huwaomba samahani kuku akiwapita. Katika ndoa ile maneno yote yalikuwa ya mkewe, naye aliridhika. Watoto wao wawili walikuwa wamefika kutoka Dodoma na Mbeya, wamesimama na viatu vyao vya mjini kwenye udongo mwekundu.

Katekista alipomaliza sala, nikatoka kwenye kundi nikakaa ukingoni, miguu ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu hapa," nikasema. "Mhehe huyu ana deni langu."

Watu walingoja. Nikasema babu zake walikimbia. Nikasema jeneza ni kubwa kwa sababu mdomo umetengewa sehemu yake. Maneno yalikuwa mazuri, niliyatunga usiku, na yalitoka makavu kama tangazo la maji kukatika. Mtu alikohoa. Mtoto akauliza kwa nini bibi amekaa shimoni. Niliona macho ya Mzee Kikoti yakiinama, si kwa hasira, bali kwa kunionea haya, na nikajua namzika mtani wangu kama nafungua kikao.

Kando ya jeneza walikuwa wameweka vitu vya marehemu, kama desturi, ili mtani avivae: kitenge chake, fimbo yake, na zile raba zake za kupandia kilima, soli zimelika upande mmoja. Nikajiinua, nikajitanda kitenge, nikavaa raba. Miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu. Nikaziburuza mpaka kwenye jeneza, nikakunja ngumi, nikagonga mbao kwa vifundo vya vidole, mara tatu, vile vile alivyogonga dirisha langu.

"Wee Mhehe! Damu yako imeganda kama uji wa jana! Toka nje uikoroge!"

Mwanamke mmoja nyuma akapasuka kicheko, akaziba mdomo, na wengine wakamfuata, kwa sababu wote wa mtaa ule walikuwa wameamshwa na sauti ile kwa miaka, wakaitukana chini ya mablanketi yao. Binti yake Desderia alicheka huku anafuta machozi. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa tumbo, nikagonga tena kwa nguvu zaidi.

"Toka, mvivu wewe! Mkaratusi wa kwanza unatungoja!"

Kisha nikangoja. Sijui kwa nini nilingoja. Nilisimama pale na ngumi yangu juu ya mbao, nimeinamisha sikio, nikisubiri anitukane. Hakunitukana. Hapo ndipo kifo chake kiliponifikia.

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kichwa kikaanza kugonga, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, na bangili ikatoka njano ikawa rangi ya chungwa lililoiva. Nikamwona Daktari Yuster akisukuma watu, kijiti mkononi. Nikaketi juu ya lundo la udongo, nikanyoosha miguu, nikaanza kupumua kama walivyonifundisha: ndani polepole, nje polepole kuliko ndani. Nililia na kupumua kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi, jaribuni siku moja.

Daktari alinielekezea kijiti shingoni. Mkono wa Evodia ukamshika kifundo.

"Subiri kidogo," Evodia akasema. Alikuwa analia na yeye, macho yake kwenye taa. "Subiri. Anajua kupanda kilima."

Wakasubiri. Sijui ilichukua muda gani. Chungwa likakaa, likakaa, likaanza kufifia, na ilipokuwa njano nilihisi vidole vikirudi kimoja kimoja. Daktari akashusha kijiti. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

"Haya," mtoto mkubwa wa Desderia akaniambia, "mtani, tumekubali. Tunatoa kuku wawili, utuachie mama."

"Sitaki kuku."

"Mbuzi."

"Mbuzi anajua kutukana?" Nikajipangusa pua kwa kitenge cha mama yake. "Kesho alfajiri nani atanigongea dirisha? Mnamzika mganga wangu halafu mnanipa mbuzi. Nataka mtu. Nataka Mhehe wa kunitoa kitandani na kunitukana mpaka kileleni, kila siku, mvua na jua. La sivyo nalala humu mimi, na huyu mrudi naye nyumbani."

Watoto wakatazamana. Mmoja ana kazi Dodoma, mwingine ana watoto wadogo Mbeya. Hakuna aliyetania sasa, kwa sababu walielewa kwamba naomba kweli. Kule kichwani pa kaburi Mzee Kikoti akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Mama Evodia," akasema. "Samahani. Mimi sijui kutukana."

"Utajifunza."

"Nitajitahidi," akasema, na wakamteremsha mkewe.

*

Jioni daktari alipita nyumbani kunipima. Akauliza tena kama ningependa aiamshe pete. Nikamwambia aiache ilale, lakini siku akitaka kuigusa aje aniambie usoni, hata kama kanuni inamtaka anyamaze, hata kama presha itapanda. Alisema anaweza kupoteza kazi kwa hilo. Nikamwambia atafakari. Akanywa chai yangu yote, akaaga, na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Nitakwambia, mama." Evodia alimsindikiza mpaka barabarani.

Nililala mapema. Kulipokucha nilikuwa macho, nimetazama dari, na kitanda kilikuwa kizito kama enzi zile za kiharusi. Nilijua kilima kiko wapi. Nilijua daktari atasema nini, na mshipa uliochoka unataka nini. Kujua huko hakukuninyanyua hata kidole. Nilimlilia Desderia kidogo, kimya kimya, nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Kioo kikagongwa, taratibu sana, mara moja.

"Mama Evodia. Samahani kwa usumbufu."

Nikabaki chini ya blanketi. Nje kikasikika kikohozi.

"Wewe," Mzee Kikoti akasema. "Wewe mtumwa. Damu yako, samahani, imeganda."

Nilicheka mpaka kitanda kikalia na bangili ikawa njano, ikachelewa kurudi kijani. Nikamjibu kupitia dirishani kwamba babu zake walikimbia vitani. Akafikiri, akasema inawezekana kabisa.

Nikaanza kutafuta raba zangu.